Mji uliolala chini ya Kilindini, na swali nililoshindwa kujibu

MSOMAJI, ukitajiwa Kilindini ni kitu gani kinachokujia akilini? Bila shaka ni meli. Ni winchi ndefu zinazoinua makasha ya vyuma, ni malori yanayofuatana kama siafu kuelekea Changamwe, na ni umati wa watu wanaokimbilia feri ya Likoni alfajiri ili wasichelewe kazini. Ikiwa wewe ni mwanafunzi, umefundishwa darasani kwamba hapa ndipo shehena za Kenya, Uganda na nchi nyingine jirani hupitia.

Hayo yote ni kweli. Lakini leo nakuomba tusahau meli kidogo, tushuke chini. Nasema chini hasa: chini ya lami, chini ya mabohari, chini ya mizizi ya mibuyu. Kwa maana Kilindini ilikuwa mji wa watu kabla ya kuwa bandari ya meli kubwa, na mji ukifa hauondoki na kila kitu chake. Huacha misingi ya nyumba, visima, vigae vya vyungu na makaa ya jikoni. Kazi ya kuyasoma hayo yaliyoachwa ni kazi ya subira kubwa, na mimi mwandishi wako niliijua thamani yake kwa kuchelewa, kama nitakavyokueleza.

MIJI MIWILI KATIKA KISIWA KIMOJA

Jina lenyewe halihitaji mkalimani. Kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu, na Kilindini ni kwenye kilindi. Ndiyo sababu katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilijenga upande huu wa magharibi wa kisiwa magati ya kuegesha meli kubwa, na ile bandari ya zamani iliyo karibu na Fort Jesus ikabakia kuwa ya majahazi. Hata Barabara ya Moi, ile yenye pembe kubwa za ndovu ambazo kila mgeni hupenda kupigwa picha chini yake, zamani iliitwa Barabara ya Kilindini.

Lakini karne nyingi kabla ya magati hayo, kisiwa cha Mombasa kilikuwa na miji miwili. Upande wa mashariki palikuwa na Mvita, ambao ndio ulioandikwa sana vitabuni. Ndio uliotembelewa na Vasco da Gama mwaka 1498, na ndio uliotiwa moto na Francisco de Almeida mwaka 1505. Upande wa pili, kusini-magharibi, palikuwa na Kilindini, mji ambao Wareno waliuandika Tuaca katika ramani zao.

Wenyeji wake, Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio wanaojulikana hadi leo kwa jina la Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu. Wakijumlishwa na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao ni Wamvita, hupatikana ile Miji Kumi na Miwili ambayo mzee wa Kibokoni au Kuze anaweza kukuhesabia bila kusita, kidole kwa kidole.

Baadaye Wakilindini waliuhama mji wao wakaenda kukaa upande wa Mvita. Nyumba zikaachwa. Nawe unajua nyumba iliyoachwa huwaje katika pwani yetu: boriti za mkoko zinaoza, dari inaporomoka, mvua inaingia, mbegu ya mbuyu au mkwaju inaota katikati ya ukumbi, na kabla mjukuu hajapata mvi, nyumba ya babu imekuwa kichaka. Yaliyosalia ya Kilindini yakapitiwa na njia ya reli, mabohari, barabara na makazi mapya.

Nilipokuwa natayarisha makala haya niliwauliza watu watatu katika kituo cha matatu za Likoni wanionyeshe ulipokuwa mji wa kale wa Kilindini. Wote watatu kwa heshima kubwa walinielekeza Fort Jesus!

MNARA UNAOULIZIWA

Hata hivyo si kila kitu kimepotea. Ukitoka katikati ya mji ukachukua tuktuk na kumwambia dereva akupeleke Mbaraki, atakufikisha karibu na ukingo wa hori, mahali penye mnara mzee wa mawe ya matumbawe na msikiti ubavuni mwake. Ni mahali pa utulivu wa ajabu ukikumbuka kwamba kelele za bandari ziko hatua chache tu. Mnara umesimama peke yake, mnene, ndani yake ni uwazi, na mawe yake yamekwaruzwa na upepo wa chumvi kwa muda wa miaka isiyopungua mia tatu.

Kwa muda mrefu watu walikuwa wakibishana juu ya mnara huu. Kuna waliosema ni mnara wa mwadhini. Kuna waliosema ni kaburi la mkuu wa Wachangamwe, kwani pwani yetu haikosi makaburi yenye nguzo. Na kuna waliokuwa wakija na ubani na marashi, wakiamini kwamba ndani yake anakaa pepo mwenye nguvu ambaye akiombwa hujibu.

Sasa, msomaji, ungekuwa wewe ungekataje shauri hili? Huwezi kumwuliza fundi aliyeujenga. Kilichobaki ni kuuliza udongo. Na ndivyo alivyofanya Hamo Sassoon, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa mhifadhi wa Fort Jesus. Alichimba hapo Mbaraki na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1982.

Jibu la udongo lilikuwa tofauti na mengi yaliyokuwa yakisemwa. Msikiti wa kale wa Mbaraki ulijengwa katika karne ya 15, ukaswaliwa kwa kizazi baada ya kizazi, na kufikia katikati ya karne ya 16 ulikuwa tayari umeachwa. Mnara ulikuja baadaye sana, karibu na mwaka 1700, wakati msikiti ulikuwa gofu. Kwa hiyo hauwezi kuwa mnara wa kuadhinia wa msikiti ule, kwa sababu hapakuwa na jamaa wa kuitwa kuswali. Ramani ya Wareno ya mwaka 1728 inauonyesha umekwisha simama. Sassoon aliona kwamba ulihusiana na mambo ya mizimu na pepo yaliyofanywa penye magofu hayo. Wale waliokuwa wakija na ubani, kumbe, walikuwa wakifuata desturi kongwe kuliko walivyodhani.

Leo msikiti unaoswaliwa hapo ni mpya. Gofu limepata uhai tena.

JINSI NYUMBA INAVYOSOMWA

Huenda unajiuliza: mtu anawezaje kujua kwamba ukuta huu ni wa mwanzo na ule ni wa baadaye, na hakuna maandishi hata mstari mmoja? Hebu nikueleze, na wewe mwanafunzi sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo penye utamu.

Chukua mfano wa gofu la nyumba ya mawe, la aina ambayo utaiona kuanzia Lamu hadi Kilwa. Kuta zimebaki kimo cha kifua. Utaona baraza ya kukaa wageni, ua mdogo, kisha ukumbi mrefu mwembamba, nyuma yake ndani, na pembeni choo chenye shimo lake. Ukutani zimebaki alama za zidaka, vile vishubaka vilivyokuwa vikiwekwa sahani na vyombo vya fahari.

Mtaalamu hafiki na majembe ishirini akaanza kufukua. Kwanza huipima nyumba yote na kuichora. Halafu huchagua mahali pachache tu, tuseme pembe ya ukumbi unapokutana na ukuta, na kupima mraba wa mita moja kwa moja au mbili kwa mbili kwa kamba na vigingi. Hilo ndilo shimo la kujaribia. Ni kama daktari anayetoa tone la damu kidoleni: hahitaji kukumwaga damu yote ili ajue una malaria.

Vyombo vyake ni mwiko wa mwashi, brashi, ndoo na chekecheke. Huteremka kidogo kidogo, mara nyingi sentimita 10 kwa wakati mmoja, na kila rangi ya udongo ikibadilika husimama, huandika na kupiga picha. Udongo wote hupitishwa kwenye chekecheke, maana ushanga mmoja unaweza kuwa mdogo kuliko punje ya mtama. Kila kigae, kila mfupa wa samaki, kila kipande cha mkaa hutiwa katika mfuko wenye karatasi inayoeleza kimetoka shimo gani na tabaka gani.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata, ila tu kama kuna mtu aliyechimba shimo hapo katikati akachanganya mambo. Juu kabisa kuna majani na vumbi la jana. Chini yake kuna kifusi cha paa na kuta zilizoanguka. Chini ya kifusi kuna sakafu ya chokaa, na juu ya sakafu hiyo hukaa vitu vya siku za mwisho za wenye nyumba. Chini ya sakafu kuna mchanga na mawe ya kuijazia, na humo hukaa vitu vilivyotangulia ujenzi. Ukiendelea kushuka unaweza kukuta alama za nguzo za nyumba ya udongo iliyokuwapo kabla ya ile ya mawe. Mwisho unafika kwenye mchanga safi au mwamba, mahali pasipo dalili yoyote ya binadamu.

Kanuni ya pili nitakupa mfano wa nyumbani. Fikiria umebomoa sakafu ya saruji, ukakuta chini yake sarafu ya Kenya ya mwaka 1966. Je, sakafu hiyo yaweza kuwa ilimwagwa mwaka 1950? Haiwezekani. Ilimwagwa mwaka 1966 au baadaye. Ndivyo vinavyotumika vigae vya kauri. Wataalamu wanajua vyombo vya rangi ya kijani kama maji ya bahari vilitengenezwa China wakati gani, na vile vyeupe vyenye maua ya buluu vilikuja kwa wingi wakati gani, na vile vya Uajemi vilivyopakwa rangi ya kung'aa ni vya lini. Kigae kikipatikana chini ya msingi wa ukuta, ukuta huo hauwezi kuwa wa zamani kuliko kigae. Mkaa nao hupelekwa maabara kupimwa kaboni yake.

Lakini usidhani kwamba vigae vya ng'ambo ndivyo bora. Vingi vinavyotoka shimoni ni vya vyungu vyetu wenyewe, vilivyofinyangwa na akina mama wa pwani hii, na hivyo ndivyo vinavyotuambia watu walipika nini na wangapi walikula. Mifupa huonyesha kama walikula papa au mbuzi. Usione vyaelea, vimeundwa, na usione nyumba ya mawe ukadhani ililetwa na meli.

NYUMBA ZENYE MAJINA

Ukitaka kuona kazi hii imefanyika mahali pakubwa, nenda Gedi, karibu na Watamu. Huko James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, kabla hajaanza kuichimba Fort Jesus. Nyumba alizozifukua hazikuwa na majina, kwani waliozijua walikuwa wamekwisha ondoka. Basi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kuna Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Sarafu za China.

Mimi majina hayo hunigusa moyo. Mtu aliishi humo, akaoa, akazaa, akaugua, akazika wazazi wake. Leo jina lake halijulikani, lakini mkasi wake unajulikana.

Katika mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama ilivyoingizwa Fort Jesus mwaka 2011. Na karibu zaidi na Mombasa, kiasi cha mwendo wa nusu saa hadi saa moja kulingana na msongamano, kuna Jumba la Mtwana, ng'ambo ya kaskazini ya hori la Mtwapa. Kirkman aliisafisha na kuichimba mwaka 1972. Ni mji mdogo wa karne ya 14 ulio ufukoni hasa, na humo utaikuta Nyumba ya Milango Mingi na msikiti ambao mawimbi yanaufikia karibu mlangoni.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye aibu yangu. Zamani wachimbaji walisafisha chumba kizima hadi sakafuni na kuutupa udongo nje. Siku hizi udongo wenyewe umegeuka kuwa kitabu. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa, watafiti walioanza kazi mwaka 2009 wamekuwa wakipima udongo wa sakafu za nyumba za mawe ili kujua chumba kipi kilipikiwa, kipi kililaliwa na kipi kilitumiwa kwa kazi za mikono. Vipande vya mimea visivyoonekana kwa macho na kemikali zilizozama sakafuni ndizo shahidi. Hebu fikiri: kile kilichotupwa mwaka 1950 kama uchafu ndicho kinachotafutwa leo kwa darubini. Ndiyo maana mtaalamu mwema huchimba mashimo machache, huyafukia tena, na kuiacha sehemu kubwa ya gofu kama ilivyo. Anawaachia watakaokuja na vyombo bora kuliko vyake.

KIGAE CHANGU

Nilikulia Mombasa. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, kaka yangu mkubwa alitaka kuoa, na kama ilivyo kawaida ya familia zisizokuwa na uwezo mkubwa, ikaamuliwa aongezewe chumba na choo uani. Wakaja vibarua wawili, wakaanza kuchimba shimo la choo.

Walipofika kimo cha kiuno, udongo ukabadilika kuwa mweusi. Nakumbuka vizuri weusi ule. Vikaanza kutoka vigae, vyekundu na vyeusi, na makombe, na mifupa. Walipofika kifuani wakagonga ukuta. Ulikuwa ukuta wa mawe na chokaa ambao hakuna katika nyumba yetu aliyejua kwamba upo. Vibarua wakalalamika, wakaongezewa fedha, wakauvunja kwa mtaimbo kutwa nzima. Mawe yake mazuri yakatumiwa katika msingi wa chumba cha bwana arusi. Mama alifurahi sana kwamba tumepunguza gharama.

Sisi watoto tuligawana vigae. Vidogo tulichezea mdako. Vikubwa tulivirusha baharini tuone cha nani kitaruka juu ya maji mara nyingi zaidi. Mimi nikabakisha kimoja, cha kijani kibichi laini, chenye ua lililochorwa chini ya rangi yake. Nilikiweka katika mkebe wa biskuti pamoja na vifungo na picha zangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi, nilikitia mfukoni nikaenda nacho kwa mtaalamu mmoja. Nilikwenda kwa maringo, nisifiche. Nilidhani ataruka kwa furaha. Alikigeuza mkononi, akakitazama ubavu kwa lenzi, akatabasamu.

"Hiki ni cha China, dada," akaniambia. "Ni kizuri. Sasa niambie, kilitoka kina gani? Juu ya ukuta au chini yake? Palikuwa na sakafu? Vile vigae vingine viko wapi?"

Nikanyamaza. Ukuta ulikuwa katika msingi wa chumba cha kaka. Vigae vingine vilikuwa chini ya bahari. Udongo mweusi ulibebwa kwa mkokoteni, sijui ukamwagwa wapi. Nilikuwa nimeleta neno moja lililochanwa kutoka katika kitabu, na kitabu chenyewe tulikuwa tumekichoma sisi wenyewe.

Hakunikaripia. Alinirudishia, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: kigae hakisemi peke yake, husema kikiwa na jirani zake.

Majuto ni mjukuu, msomaji. Simlaumu mama yangu. Alikuwa na mwana wa kuoza na fedha chache, na choo ni lazima. Wala silaumu vibarua. Ninachosikitika ni kwamba katika nyumba nzima, na katika mtaa mzima, hapakuwa na mtu mmoja aliyejua kwamba siku mbili za kungoja zingetosha mtu mwenye mwiko na daftari aje aandike tulichokiona. Chumba kingejengwa vile vile. Arusi ingefanyika vile vile. Lakini leo tungejua ule ukuta ulikuwa wa nani.

MJI UNAOJENGWA KILA SIKU

Nasema haya kwa sababu Mombasa haikuacha kujenga, na haiwezi kuacha. Mwaka 1976 Sassoon huyo huyo alichimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, upande wa kaskazini wa Mji wa Kale. Chini ya ardhi ile ile wanayopita wagonjwa na wauguzi alikuta mabaki ya mji wa mwanzo wa Mombasa, ambao watu walianza kuukalia yapata mwaka 1000. Yaani karibu miaka 500 kabla Mreno hajaonekana. Lau hapangechimbwa kwa utaratibu, bado pangekuwa na watu wanaotuambia kwamba historia ya Mombasa ilianza na kuta za Fort Jesus, ambazo zilianza kujengwa mwaka 1593.

Na upande wa Kilindini, ambako barabara hupanuliwa na bohari likibomolewa hujengwa lingine, kila msingi unaochimbwa ni aidha ukurasa unaosomwa au ukurasa unaopasuliwa. Hakuna njia ya tatu. Gofu likichimbwa vibaya haliwezi kuchimbwa tena vizuri.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mambo ya kale bila leseni, na inamtaka anayegundua kitu au jengo la aina hiyo atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa na jinsi alivyokigundua. Angalia maneno hayo: mahali hasa na jinsi. Ni lile lile swali nililoshindwa kujibu.

Basi siku moja ukiwa unachimba choo, kisima au msingi, ukaona udongo umegeuka mweusi na vigae vinatoka, au mtaimbo umegonga ukuta usioujua, fanya mambo machache tu. Simamisha kazi mahali hapo. Usivitoe vitu vilivyobaki ukutani mwa shimo. Piga picha kwa simu, ukiweka rula au hata kiberiti kando ili ukubwa uonekane. Pima kina. Kisha toa habari Makumbusho. Kwa watu wa Mombasa, Fort Jesus iko karibu.

TWENDE NA WATOTO

Ikiwa unataka kuitumia Jumapili moja vizuri na familia, anza asubuhi Mbaraki. Vaa mavazi ya heshima, kwani ni mahali pa ibada, toa salamu na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Waambie watoto wauzunguke mnara na kila mmoja akisie ulijengwa kwa nini, ndipo uwape jibu la udongo. Kutoka hapo si mbali kufika Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe na upepo wa bahari. Kaeni kivulini, nunueni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mtazame meli zinavyoingia Kilindini kwa mlango ule ule walioupitia mabaharia wa kale.

Alasiri nendeni Fort Jesus, katika jumba la maonyesho. Huko mtaviona vyungu, kauri na vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977. Watazameni watoto wakisoma vibao. Kila chombo kina kibao, na kila kibao kinaeleza kilikotoka. Hiyo ndiyo tofauti ya kitu cha makumbusho na kitu cha mkebe wa biskuti.

Jumapili nyingine, ikiwa Mungu amejaalia, pandeni matatu ya Mtwapa mkaione Jumba la Mtwana. Ila nakuonya: mtoto wako ataona kigae mchangani na atataka kukitia mfukoni. Ni kitu kidogo, atasema, na viko vingi. Mwambie akiangalie, akiguse, akirudishe pale pale alipokikuta.

Changu bado ninacho. Nilitaka kukiacha kwa yule mtaalamu, lakini akaniambia nikae nacho kiwe ukumbusho wangu. Kipo mezani pangu ninapoandika makala haya, kijani kibichi laini, ua lake halijafifia hata kidogo. Kila ninapokitazama nasikia swali lile lile: kilitoka kina gani? Nami kila mara sina jibu.

Wewe, msomaji, ukiulizwa, natumaini utakuwa nalo.